Gita la Kijapani: Wanunua Jina au Wanunua Kazi ya Mkono?

Katika miezi ya karibuni nimeulizwa swali moja na watu watatu mbalimbali, na wote watatu ni vijana wetu wa Pwani wanaochuma riziki kwa kupiga muziki katika mahoteli, kuanzia Malindi mpaka Diani. Swali lenyewe ni hili: katika magita ya jazi yaliyotengenezwa Japani, ni lipi linalostahili kununuliwa? Huenda ukastaajabu kwa nini neno kama hili akaulizwa mtu wa mashairi na magazeti. Lakini mimi nimelitazama nikaona si suala la muziki peke yake. Ndani yake mna biashara, mna siasa ya fedha za mataifa, mna ujanja wa wauzaji, na mna akiba ya kijana aliyejinyima miaka miwili. Mmoja wa hao watatu ni mpwa wangu, na ameweka shilingi 150,000. Zikipotea hizo, hakuna wa kumrudishia.

Kabla ya kuendelea nitangulize neno. Najua wako miongoni mwenu ambao ala ya nyuzi kwao ni jambo la kusimama na kuuliza, na mashekhe wetu wamekhitilafiana juu yake tangu zamani. Ukurasa huu si mimbari, wala mimi si mufti. Nasema na wale ambao gita limekwisha kuwa jembe lao, na jembe likinunuliwa bovu anayelala njaa ni mkulima.

Tena tusijifanye kwamba ala za Kijapani zimetufikia jana. Ile tashkota iliyolia katika taarabu ya Mombasa, yenye vibonyezo kama vya taipureta na nyuzi zilizolazwa juu ya kibao, ilibuniwa katika mji wa Nagoya mwaka 1912 na mtu aitwaye Morita Goro. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa enzi ya Taisho, ndipo ikaitwa taishogoto, yaani koto ya Taisho. Taipureta ndiyo hasa iliyompa Morita fikira ya vile vibonyezo. Ala hiyo ikafika Bara Hindi, wenyewe wakaiita bulbul tarang. Ikafika na kwetu kwa njia ya bahari hii hii, ikatiwa umeme, na katika kikundi cha Zuhura Swaleh ikawa miongoni mwa sauti ambazo harusi ya Mombasa haikukamilika bila yake. Basi katika mji huo huo wa Nagoya, mwaka 1908, ndiko lilikoanzia duka la Hoshino, la vitabu na ala za muziki. Baadaye duka hilo lilileta magita ya fundi wa Kihispania, Salvador Ibáñez, kisha likalichukua jina lake likawa jina la magita yao wenyewe. Leo ukisema Ibanez kila mpiga gita anakuelewa. Tashkota na Ibanez ni wenyeji wa mji mmoja.

GITA LA KUBA NA GITA LA NUSU MVUNGU

Sasa tuingie katika ala yenyewe, maana asiyejua tafauti ya vitu hawezi kuvichagua. Gita tulilolizoea, lile la uso bapa, nyuzi zake zimefungwa kwenye daraja lililogandishwa juu ya uso wenyewe, kama ulivyo udi. Gita la jazi la asili ni jingine. Uso wake umeinuka kama kuba, daraja limesimama juu ya kuba hilo bila ya kugandishwa, na nyuzi zinapita juu ya daraja kwenda kufungwa mkiani, kama fidla. Kwa hiyo nyuzi haziuvuti uso bali zinaukandamiza, na kila aliyetazama msikiti wa kale anajua kwa nini kuba hustahamili mzigo ambao dari bapa hailistahamili. Nyuso hizi za kuchongwa alizianza Orville Gibson wa Kalamazoo, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Kiwanda kilichobeba jina lake kikatoa mwaka 1922 gita liitwalo L-5, lenye matundu mawili ya umbo la herufi f, na mwaka 1936 kikatoa ES-150 lenye sumaku za kunasa sauti. Kijana Charlie Christian alilichukua hilo la umeme akaonyesha kwamba gita laweza kusema peke yake mbele ya tarumbeta. Alifariki mwaka 1942, umri wake miaka 25 tu.

Lakini umeme ulikuja na balaa lake. Sanduku lenye mvungu husikia sauti ya amplifaya, likatetema nayo, mtetemo ukarudi tena katika amplifaya, na kwa muda mfupi ukumbi mzima ukajaa ngurumo. Zikapatikana dawa mbili. Ya kwanza ni kuacha mbao ya kuchongwa na kutumia plaiwudi, maana plaiwudi haitetemi kwa wepesi. Ndivyo lilivyotengenezwa ES-175 la mwaka 1949. Ya pili ni kulipunguza sanduku unene na kutia gogo la mbao katikati, kutoka shingoni mpaka mkiani, mbavu zikabaki wazi. Hilo ni ES-335 la mwaka 1958, na magita ya namna hiyo ndiyo ninayoyaita nusu mvungu. Unene wa la kwanza ni kama sentimita 8 na nusu, na wa la pili kama sentimita 4 na nusu.

Naomba msomaji alishike neno la plaiwudi. Kwetu plaiwudi ni ya dari na kabati, na ukimwambia mtu gita lake ni la plaiwudi hudhani umemtukana. Katika gita la jazi la umeme ile plaiwudi ndiyo hekima yenyewe. Sauti nyingi unazozisikia katika sahani za jazi, ile sauti nene iliyotulia kama ya msomaji anayejua pa kuvuta na pa kusita, imetoka katika plaiwudi.

MAFUNDI WA SANDUKU LA CHEREHANI

Wajapani waliingia vipi katika habari hii? Baada ya vita vikuu vya pili jazi iliwashika sana. Yalizuka maduka ya kahawa ambako watu hukaa kimya kusikiliza sahani, na Art Blakey alipokwenda huko na bendi yake Januari 1961 alipokewa kwa mapokezi makubwa. Wapigaji wakawa wengi, magita ya Kimarekani yakawa ghali. Na katika mji wa Matsumoto, bonde lililozungukwa na milima yenye baridi kavu inayofaa kukausha mbao, kulikuwa na mafundi seremala wa kutosha. Karakana moja iliyoitwa Matsumoku ilikuwa ikitengeneza masanduku na meza za cherehani za Singer. Nani kati yetu hakukua akiiona cherehani ya Singer ukumbini kwa bibi yake? Kutoka sanduku la cherehani mafundi wale wakahamia sanduku la gita, na haikuwa safari ya mbali. Mwaka 1960 ikaanzishwa katika mji huo karakana ya pili, FujiGen, ambayo ndiyo iliyokuja kuwatengenezea Hoshino magita yao ya Ibanez. Matsumoku ikafanya kazi ya kampuni ya Arai, yenye jina la Aria, na tangu miaka ya mwanzo ya 1970 ikatengeneza pia magita ya Epiphone, jina la Kimarekani lililokuwa mikononi mwa wenye Gibson.

Zingatia jambo hili, maana ndilo ufunguo wa mambo yote yatakayofuata: jina lililo kichwani mwa gita ni la mfanyabiashara, na mkono uliolitengeneza ni wa karakana. Majina manne mbalimbali yaweza kuwa yametoka katika meza moja ya fundi mmoja, na jina moja laweza kuwa limezunguka nchi tatu.

Hapo mwanzo yalikuwa ni magita ya kuigiza, na mengi hayakuwa na thamani. Lakini kufikia katikati ya miaka ya 1970 maigizo yalikuwa mazuri kiasi cha kuwakosesha usingizi waigizwa. Mwaka 1977 kampuni ya Norlin, iliyokuwa ikimiliki Gibson, ilimshitaki katika mahakama ya Philadelphia wakala wa Hoshino huko Marekani. Shauri lenyewe lilihusu umbo la kichwa cha gita tu, na wakati linapelekwa mahakamani Ibanez walikuwa wamekwisha kukibadilisha kichwa hicho. Mwaka uliofuata wakapatana nje ya mahakama. Basi. Lakini leo muuzaji akikutana na gita lolote la Kijapani la zamani, hata la kampuni ambayo haikushitakiwa na yeyote, huliandika kuwa ni "gita la kesi" na kuongeza bei. Ukiyaona maneno hayo, jua unauziwa hadithi.

Na kuna kichekesho ndani yake. Miaka kumi na moja baada ya shitaka lile, mwaka 1988, Gibson wenyewe walikwenda Japani wakaomba watengenezewe magita kwa ajili ya soko la huko. Waliyaita Orville, jina la yule mzee wa Kalamazoo, na kazi wakawapa FujiGen pamoja na karakana ya Terada ya Nagoya, hodari wa magita yenye mvungu. Yaani mikono iliyoyatengeneza magita yaliyowapeleka watu mahakamani ndiyo iliyoajiriwa na mshitaki. Magita ya Orville yaliendelea mpaka 1998, na ES-175 na ES-335 za jina hilo ni miongoni mwa vitu ninavyomshauri kijana avitafute.

Kwa nini Wajapani wakaacha kuuza rahisi? Hapa siasa ya fedha inaingia. Septemba 1985 mataifa matano makubwa yalikutana katika hoteli ya Plaza, New York, wakakubaliana kuishusha dola. Wakati huo dola moja ilikuwa na yeni kama 240. Kufikia mwisho wa 1987 ilikuwa na kama 120. Fanya hesabu: gita la yeni 120,000 ambalo Mmarekani alilipata kwa dola 500 likawa dola 1,000, na fundi hakuongeza hata msumari. Maagizo yakahamia Korea. Matsumoku ilifungwa mwaka 1987. Kwa hivyo gita lolote la kweli la Matsumoku lina umri unaokaribia miaka 40 au zaidi, na lile tabaka la mafundi wa sanduku la cherehani halikurithiwa katika karakana yao wenyewe.

Katika siku zetu hizi gurudumu limezunguka upande wa pili. Oktoba 2011 dola ilinunua yeni kama 76. Mwanzoni mwa Julai 2024 ilinunua 161, na yeni haikuwa imeshuka hivyo tangu 1986. Nasi huku mwaka huo shilingi ilipanda na kushuka vibaya: Januari 2024 dola ilifika kama shilingi 160, na kufikia Julai ilikuwa imerudi kwenye 129 hivi. Chukua gita lililoandikwa yeni 150,000. Januari lingemgharimu kijana wetu kama shilingi 163,000 kabla ya nauli na ushuru. Julai, gita lile lile, karatasi ile ile ya bei, kama 120,000. Mwenye subira alilala na shilingi 43,000 mfukoni. Ndiyo maana namwambia mpwa wangu atazame bei ya yeni kama nahodha anavyotazama upepo, asitazame picha za magita peke yake.

Lakini aliyeona neema hiyo si yeye tu. Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni karibu milioni 37, na mtaa wa Ochanomizu, Tokyo, wenye maduka ya magita yaliyopangana kama maduka ya vitenge ya Biashara Street, ukajaa watu wa Ulaya, Marekani na Australia wanaoondoka na mizigo migongoni. Wenye maduka wamejua, na vitu vya zamani wamevipandisha. Kijana wa Kijapani anayelipwa kwa yeni anayaona magita waliyotengeneza babu zake yakipanda ndege. Nilipoisikia habari hiyo niliikumbuka milango na makasha ya Lamu, yaliyouzwa kwa wageni katika miaka ya shida, na leo mwenye kutaka kuona kazi nzuri ya babu yake huenda akaiona katika nyumba ya mtu mwingine.

LIPI SASA?

Tulinganishe, na nitasema nionavyo bila ya kuzunguka.

Lile linalotajwa zaidi ni GB10 la Ibanez. Mwaka 1976 George Benson alitoa sahani yake ya Breezin', akawa si mpiga jazi wa vilabu tena bali mtu wa kumbi kubwa. Katika kumbi kubwa gita pana lenye mvungu hunguruma. Hoshino wakakaa naye, na mwaka 1977 wakatoka na sanduku dogo la upana wa kama sentimita 37, ilhali ES-175 lina kama 41, na sumaku zake hazikutobolewa usoni bali zimening'inizwa ili uso uwe huru. Linatengenezwa Japani mpaka leo. Ni gita la akili sana. Kwa sikio langu sauti yake ni nyepesi kidogo chini, yapendeza katika kupiga haraka, na bei yake ikiwa jipya ni maelfu ya dola. Kijana mwenye 150,000 asilitamani. Akiliona kwa bei hiyo aulize lina maradhi gani.

Kwa anayepiga amekaa, watu watatu au wanne, mgahawani, chakula kikiliwa, gita la kuba la plaiwudi ndilo lenyewe. Orville ES-175 niliyoitaja, au Aria Pro II za namna ya PE, ambazo moja yao ilipewa jina la Herb Ellis, mpiga gita wa Oscar Peterson. Aria hazina jina kubwa, na kwa hivyo bei yake huwa ya kibinadamu. Mimi ningekwenda huko kwanza.

Ama mpiga gita wa hoteli, ambaye saa moja usiku anaombwa jazi, saa mbili rumba, saa tatu chakacha, na ngoma zimekaa nyuma ya kisogo chake, huyo asinunue gita la kuba hata akipewa nusu bei. Lake ni nusu mvungu. Ibanez AS200 la FujiGen, ambalo John Scofield amelipiga tangu mwanzo wa miaka ya 1980 na hakuliacha, ni gita lenye sauti iliyojaa na yenye ukali ukiutaka. Yamaha SA-2000, na lililofuata, SA-2200, halina mtu mashuhuri wa kulitangaza kiasi hicho, lakini kazi yake ya mkono sioni iliyolizidi. Wavuvi wetu wanalijua jina la Yamaha kwa mashine za mashua. Wasidhani ni kampuni ya mashine iliyojitia katika muziki: Torakusu Yamaha alianza mwaka 1887 huko Hamamatsu kwa kutengeneza kinanda, na zile alama tatu zilizopandana katika nembo yao ni uma za kutafutia sauti. Pikipiki ndiyo iliyozaliwa baadaye, mwaka 1955.

Neno kwa wale wa taarabu. Gita si geni kwetu. Black Star wa Tanga walilitia katika taarabu zamani na watu wakacheza. Lakini gita lenye vyuma shingoni, liwe la Nagoya au la Kalamazoo, haliwezi kukupa ile robo ya sauti inayofanya bayati ikawa bayati na rasti ikawa rasti. Udi unaweza kwa sababu shingo yake haina vyuma. Nimewahi kumsikia mtu akiuziwa gita la bei kubwa kwa ahadi kwamba "linafaa kwa Kiarabu". Halifai, na dogo la bei ndogo halifai vile vile.

Ujanja ulio mwingi umo katika jina la Ibanez, kwa sababu tangu 2002 jina hilo limewekwa pia katika magita ya Artcore yaliyotengenezwa Uchina. Si magita mabaya, na kwa mwanafunzi yanatosha kabisa, lakini kuuziwa la Uchina kwa bei ya Matsumoto ni dhuluma. Itazame namba iliyo nyuma ya kichwa. Kuanzia 1975 mpaka katikati ya miaka ya 1980 namba ya FujiGen ilianza na herufi ya mwezi, A ikiwa Januari mpaka L Desemba, kisha tarakimu mbili za mwaka. F78 basi ni Juni 1978. Kuanzia 1987 mpango ulibadilika, F ikawa ni alama ya karakana ya FujiGen yenyewe, na tarakimu inayofuata ndiyo ya mwaka. Kwa hiyo F ya gita moja si F ya gita jingine, na muuzaji asiyejua, au anayejua sana, aweza kukuongezea miaka kumi kwa herufi moja.

Sisi tuliopita chuoni tulifundishwa habari ya khiyari ya aibu: ukinunua kitu kikatokea na aibu iliyofichwa, unayo haki ya kukirudisha. Wauzaji wa Kijapani kwa jumla ni wakweli ajabu katika jambo hili, hata mkwaruzo wa ukucha huuandika. Lakini wanalo neno lao moja, "janku", lililotoka kwa Kiingereza, na kitu kilichoandikwa hivyo kimeuzwa kama kilivyo, usirudi kulalamika. Mpwa wangu aliniletea picha ya Aria moja nzuri kwa theluthi ya bei. "Mjomba, hii ni riziki," akaniambia. Nilimwambia atafute mtu wa kumsomea herufi zile za Kijapani zilizo chini ya picha. Ilikuwa janku, shingo yake imepinda kama upinde na chuma cha ndani kimekwisha kukazwa mpaka mwisho.

Hilo ndilo la kwanza kuliuliza: je, chuma kilichomo ndani ya shingo bado kinazunguka pande zote mbili? Omba picha iliyopigwa kutoka mkiani kuelekea kichwani, jicho likiwa sawa na shingo, utaona kama imejipinda. Omba picha ya ubavuni ili uone kama kuba bado ni kuba au limebonyea chini ya daraja. Kuba lililobonyea halina dawa rahisi. Uliza urefu uliobaki wa vile vyuma vya shingoni, kwa maana kuvibadilisha ni kazi ya fundi hodari, na kwa hapa Mombasa hao ni wachache na hawakai na foleni fupi.

Fikiria pia gita linatoka wapi kuja wapi. Mbao iliyokaushwa katika baridi ya Matsumoto inakuja kukaa katika kaskazi ya Kizingo. Uso wa kuchongwa wa mbao nzima hunywa unyevu, ukavimba, nyuzi zikapanda juu mpaka vidole vikauma. Plaiwudi hustahamili, na nusu mvungu hustahamili zaidi. Hii ndiyo sababu, hata mwenye fedha, simshauri wa Pwani anunue gita la uso wa kuchongwa ila awe na chumba cha kulihifadhi. Na jambo linaloua magita ya mahoteli si joto, ni lile la kulitoa gita katika chumba cha baridi ya mashine na kulipeleka jukwaani ufukweni, kila usiku, mara mbili. Liache ndani ya sanduku lake robo saa kabla ya kulifungua.

Kuhusu forodha, tayarisha asilimia 16 ya kodi ya thamani pamoja na ushuru na ada nyingine, na hesabu yake hufanywa juu ya bei pamoja na nauli. Wengine wameingiwa na hofu ya mbao. Kibao cha shingoni aghalabu ni cha rozwudi, ndugu wa mpingo wetu, na mwaka 2017 jamii yote hiyo, mpingo ukiwemo, ilitiwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe, hata kuliuza gita nje ya nchi kukahitaji karatasi. Mwishoni mwa Novemba 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zilisamehewa. Isipokuwa rozwudi ya Brazil, ambayo imezuiwa vikali tangu 1992 na haina msamaha huo. Basi muuzaji akijisifu kwamba gita lake lina rozwudi ya Brazil, mwambie akuonyeshe karatasi zake kabla hujatuma hata senti, na asipokuwa nazo mwachie mwenyewe.

Mwisho, nyuzi. Magita mengi huja na nyuzi nyembamba za mviringo alizozitia mwenye duka. Zitoe. Kwa jazi tia nyuzi zilizosuguliwa bapa, namba 12 kwa gita la kuba na 11 kwa nusu mvungu, na ununue seti tatu kwa mpigo maana hapa hazipatikani kila siku. Uzifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, jasho na chumvi ya bahari havichukui wiki kuzila.